Mvuta Kamba wa Ngombezi

Kila alfajiri Kasmiri alivuta kamba ya king'ora pale korona ya Ngombezi, kiwanda kinachokamua nyuzi za mkonge, na kambi nzima ikaamka ikimlaani. Alikuwa amezoea. Alikuja Tanganyika akiwa kijana, akimfuata mjomba wake kutoka ng'ambo ya Ruvuma, akakata mkonge mpaka mgongo ukamkatalia, ndipo akapewa kamba. Hata sokoni Korogwe walimwita Jogoo, naye aliitika.

Kisha ndege za Mreno zikaanza kupiga vijiji vya kwao, na Serafina, mdogo wake wa tumbo moja, akatokea kambini na mtoto mgongoni, kitambaa chekundu kichwani, miguu imevimba. Mjumbe wa nyumba kumi, mzee Sadala, Mzigua wa Handeni, alikuja kumwona.

"Nchi yetu haimo katika vita hiyo, mama," alisema, "lakini mlango hatujafunga. Kaa."

Bernadina, mke wa Kasmiri, akatandika mkeka wa pili.

Asubuhi king'ora kililia. Serafina akatoka mbio na mtoto, kama aliyesikia ndege, akazama katikati ya mkonge.

Ikawa hivyo kila siku. Jani la mkonge lina mwiba kwenye ncha, na mwiba huo umewapofusha hata wakataji wazoefu. Kasmiri alivuta kamba akijua kwamba mkono wake mwenyewe ndio unaomfukuza dada yake. Siku moja mtoto alirudi na mchubuko chini ya jicho.

"Mnasema hapa hakuna vita," Serafina alisema, akimpangusa. "Mbona nchi yenu inalia hivi? Jumamosi naondoka, kaka."

"Uende wapi?"

"Mbele."

Huko mbele hakuwa na ndugu hata mmoja. Kasmiri akaenda kwa msimamizi, Bwana Mdoe, kuomba king'ora kinyamaze.

"Jogoo anaomba asiwike!" Mdoe alicheka. Kisha akamtazama usoni, akaacha. "Haya, kesho gonga chuma. Lakini watu wakichelewa, kazi nampa mwingine."

Kesho yake Kasmiri akagonga kipande cha reli kilichoning'inia nje ya stoo. Aligonga kwa upole, kama anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa. Serafina akakimbia mbali kuliko siku zote. Bernadina alimkuta amelala kifudifudi juu ya mtoto.

"Wifi, ni chuma tu!"

"King'ora kwetu tungekitoa wapi? Ndege ikionekana, tulikuwa tunagonga chuma."

Jioni Kasmiri aliketi kizingitini, amejiinamia. Tangu dada yake afike, alikuwa amempa chakula, mkeka na shuka. Hakuwa amemuuliza neno.

"Sauti gani basi haikukimbizi?" aliuliza.

Serafina alimgeuza mtoto mapajani. "Mchi," alisema. "Ndege zikija, kinu ndicho cha kwanza kunyamaza. Ukisikia mtu anatwanga, ujue hakuna kitu kinachokuja."

Jumamosi furushi lake lilikuwa limefungwa tayari. Giza halijaisha, Bernadina akamshikisha mchi. "Nisaidie haya mahindi kwanza, wifi. Mwenyewe sitamaliza."

Kule korona Kasmiri alishika kamba, akangoja.

"Jogoo, kamba imekuuma?" mfanyakazi mmoja alimtania.

"Leo amemeza sauti!" akadakia mwingine.

Kasmiri alitega sikio. Kutoka kambini alisikia michi miwili ikipokezana, mzito na mwepesi. Akavuta.

King'ora kikameza kila kitu. Akaiachia kamba. Akasikiliza. Mchi mmoja tu, ule mzito, wa Bernadina. Ukapiga. Ukapiga tena, peke yake. Kasmiri akageukia upande wa mkonge, macho yakitafuta kitambaa chekundu cha dada yake.

Kisha ule mwepesi ukaingia, ukakosea mapigo, ukagonga ukingo wa kinu, ukaingia tena.

"Unasikiliza nini wewe?" Bwana Mdoe aliuliza.

"Unga," alisema Kasmiri.