Nyumba Niliyoijenga Nyuma ya Migomba

Miaka ile ya sabini nilitoka Mbeya kwenda Iringa kufanya usaili wa kazi ya mratibu kwenye mradi wa barabara. Mratibu ndiye aliyehakikisha kokoto, magreda na mafundi vinakutana mahali pamoja kwa wakati. Wanaume watatu walikaa nyuma ya meza. Mwenyekiti wao akaniuliza, "Ndugu, umewahi kusimamia kazi na mtu asiyetaka hata kusikia sauti yako? Ulifanyaje?"

Alidhani ameniweza.

Nikamwambia nimeolewa Unyakyusa. Huko mkamwana haonani na baba mkwe wake wala hasemi naye. Akimwona anakuja, anaacha njia. Mume wangu akiwa machimboni Chunya, mzee aliamua kujenga nyumba ya matofali, na wa kusimamia mafundi nilikuwa mimi tu. Maneno yangu aliyapeleka mama mkwe, majibu akaniletea. Mzee akija kukagua ukuta, nilijificha nyuma ya migomba. Alipotaka tupaue kabla ukuta haujakauka, nilikataa, na mama mkwe alikwenda na kurudi mpaka mzee akakubali. Nyumba ile imesimama.

Mwenyekiti akacheka. "Lakini hapa hakuna migomba, ndugu. Wanaume utawaamuru ukiwatazama usoni. Utaweza?"

"Baba mkwe namkwepa kwa heshima," nikamjibu. "Wewe nakutazama usoni tangu nimeingia, na aliyeinamisha macho si mimi."