Siku Moja Ng'ambo ya Geti

Binti yetu, muuguzi huko ughaibuni, ametukatia tiketi ya meli ya kitalii inayozunguka visiwa vya Karibea. Meli itatia nanga asubuhi, abiria washuke, na jioni iondoke. Atakayechelewa ataiaga kwa macho. Wengi watamfuata kiongozi mwenye kibendera. Mimi nimeamua tushuke kivyetu: tutembee hadi sokoni, tule samaki, tuguse maji, turudi jua likiwa bado juu. Mke wangu amenitazama kama mlevi anayepanda ngazi.

"Mzee, wewe hupotea hata hapa Mundika. Huo mpango umeutoa wapi?"

Nimeutoa kwa Kukhu. Hivyo ndivyo tulivyomwita nyanya.

Enzi hizo geti la mpakani la Busia lilifungwa jioni, na askari wa upande wa pili walikuwa na viboko na hasira isiyohitaji sababu. Wanawake wa kwetu walivuka kwa kundi kununua vitenge, na kwa kundi walichapwa. Nilimwona jirani akirudi na mgongo uliopasuka kama kiazi kilichopitiliza motoni. Kukhu hakuandamana nao. Alivuka na mimi tu, nimeshika pindo la leso yake. "Kundi lina macho mengi na mgongo mmoja," alisema.

Jioni ya kuamkia safari, akichambua majani ya kunde, alitupangia siku nzima ya kesho: tutaingilia wapi, tutakula gonja, zile ndizi za kuchoma, kwa mama yupi, tutajisaidia wapi, mvua ikinyesha tutajibanza chini ya baraza gani. Usibebe usichoweza kuangusha. Na kubwa kuliko yote: sokoni mtu hakimbii, hata kama nyumba yake inaungua.

Safari moja mjomba alitufuata, kijana wa haraka nyingi na viatu vipya. Akaketi kando ya chungu cha pombe akiinyonya kwa mrija, kila tukimwita anajibu, "Bado kidogo, mama." Kisha filimbi ya kufunga geti ikalia. Mjomba akaruka, akanyakua furushi la vitenge la Kukhu na kutimua mbio, ili awahi kuwasihi askari watusubiri.

"Kwani huyo anakimbia na vitenge vya nani?" aliuliza fundi viatu. Hata hakupaza sauti.

Jiwe la kwanza lilimpata sikioni. Yakafuata marungu, pampu ya baiskeli, mateke. Nilisikia mbavu zikivunjika. Hulia kama kuni kavu. "Boss, ulidhani miguu yako haihitaji pasi ya kuvukia?" mmoja alimuuliza, huku akimkanyaga vidole. Wengine wakacheka. Tairi likaletwa likiviringishwa, na mafuta ya taa yakanukia kuliko gonja.

Kukhu hakukimbia. Hata wakati huo alitembea. "Nipisheni, baba. Nipisheni, wanangu." Alipofika katikati alisimama juu ya mwanawe, mguu huku na mguu kule, akafungua leso, akashika pindo la gauni.

"Hapa ndipo alipotoka," alisema. "Anayetaka kumchoma, atazame kwanza."

Akaliinua.

Kwetu kila mtu anajua kwamba uchi wa mama, akiuonyesha kwa uchungu, ni laana isiyo na mganga. Wanaume wote waligeuza nyuso. Aliyeshika kibiriti alikitupa kama kimemuuma. Mimi pia nilitazama chini, nikaona mafuta ya taa yakinywewa na mchanga.

Askari walitufungulia geti bila kuinua macho. Mjomba aliishi, akiwa na sikio moja na kikohozi. Kukhu hakuvuka tena hadi kufa kwake. Ndiyo maana mpango wangu wa Karibea umetenga muda mrefu wa kurudi melini polepole, na mke wangu anafikiri ni magoti.

Siku hizi geti halifungwi, usiku wala mchana. Viboko havipo, filimbi haipo, wala simjui tena mtu anayeipanga siku yake akichambua kunde. Juzi kijana wa bodaboda alinionyesha video kwenye simu. Ni sokoni palepale. Mama mzee amesimama juu ya kijana aliyelala chini, ameshika pindo la gauni lake. Hakuna aliyegeuza uso. Mikono yote imeinua simu, na sauti ya mtu asiyeonekana inasema kwa upole, "Mama, sogea kidogo. Unatuziba."