Injinia wa Bakora na Birika la Msambweni

Naona haya kulisimulia hili hata leo, na najua mtacheka, lakini nihurumieni kidogo kwanza: mimi niliamini, kwa moyo wangu wote, kwamba mwanafunzi wa uhandisi wa mitambo akikaribia kuhitimu kisha akakutwa na grisi kwenye kucha, hunyimwa cheti na kuandikwa fundi baiskeli mpaka siku ya kufa kwake. Wallahi niliamini! Habari hiyo niliipata kwa Salimu, tuliyekuwa tukikaa naye dawati moja katika madarasa ya usiku ya chuo cha ufundi kule Mombasa, miaka ile ya hamsini, na Salimu alikuwa na ushahidi wake: mkuu wa idara yetu, Mwalimu Rashidi, alikuwa akisimama mlangoni na kutugeuza mikono, juu na chini, kama mama anayemkagua mtoto kabla ya kumpakulia wali.

"Umeona?" Salimu aliniambia. "Injinia hashiki, injinia anaonyesha. Ukishika, umekwisha."

Basi muhula ule wa mwisho mzima mie sikushika kitu. Karakanani wenzangu walikuwa wakikaza nati nami nikiwashikia taa na kusema "kushoto kidogo" kwa sauti nzito, na nikirudi nyumbani nilikuwa nikijisugua vidole kwa ndimu na mchanga mpaka vikawa vyeupe kama nazi iliyokunwa (nazidisha, lakini si sana). Badala ya kushika, nilihifadhi. Ukutani palikuwa na ubao wa malengo ya idara, kwamba mhitimu wetu ataweza kulichunguza tatizo, kulibunia dawa, kufanya kazi na wenziwe na kuwaeleza watu alichokifanya, na mimi malengo yale nilikuwa nikiyajua kama Alhamdu. Kuyasema, yaani.

Sasa ulibaki mtihani mmoja. Kila mwanafunzi alitakiwa aende kwao, aikague mashine inayowahudumia watu, na aitengeneze ikiwa ina kasoro, huku Mwalimu Rashidi mwenyewe akimtazama. Ukifaulu, cheti chako. Ukishindwa, unarudi darasani. Na mama yangu alikuwa ameshautangaza ushindi wangu Msambweni nzima, na Kinondo, na nadhani hata samaki wa Vanga walikuwa wameshapata habari.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo, mdogo kabisa: niliichagua mashine ya maji ya msikitini kwetu kwa sababu ilikuwa nzima. Nilijiambia, mashine nzima haina cha kushikwa. Nitaizunguka, nitaionyesha kwa bakora, nitasoma malengo yangu, na Mwalimu atanipa mkono wa heri, mkono kwa mkono safi.

Nilifika Alhamisi nikiwa nimevaa kanzu nyeupe na koti jeusi juu yake, na bakora ya marehemu babu mkononi, nikakuta birika la msikiti, lile la maji ya kutawadha, linaoshwa. Mjomba Bakari, ndugu yake mama, ndiye aliyekuwa akiitunza mashine ile, na aliponiona alifurahi mpaka akaangusha ufagio.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, injinia wetu! Haya, tuamuru!"

Masikini mie, neno lile lilinipanda kichwani. Nikaamuru. Sogeza ndoo ile, sugua pembe ile, mfunge yule mbuzi mbali, ziba mdomo wa bomba vyura wasiingie, mwaga maji kule si huku, na mjomba akawa anatii yote na kusema, "Injinia amesema!" Nilikwenda kulala nimechoka kabisa kwa kazi ya kunyoosha bakora.

Ijumaa Mwalimu Rashidi alishuka kwenye basi kabla ya adhuhuri. Birika lilikuwa tupu, likingoja kujazwa, na wanaume walikuwa wamejipanga pale kwenye ardhi nyekundu ya uani, kanzu zao zimefuliwa na kupigwa pasi, wanangoja maji ya kutawadha. Mjomba akazungusha mpini, injini ikanguruma, mkanda ukazunguka, pampu ikaanza kupiga, na sisi sote tukatazama birikani.

Hata tone.

"Mhitimu wa idara yetu," nikaanza, nikimtazama Mwalimu kwa pembe ya jicho, "hulichunguza tatizo kwanza."

"Lichunguze basi," Mwalimu akasema.

Nikalichunguza kwa mbali. Nikaonyesha injini, nikaonyesha mkanda, nikaonyesha kisima, nikaonyesha hata mnazi mmoja uliokuwa karibu, maana bakora ikishaanza haina breki.

"Baba, hebu weka mkono hapa," mjomba akaniita. "Bomba linatetemeka kama mtu mwenye homa!"

"Mjomba, tafadhali. Injinia hashiki."

"Anashika nini basi?" mzee mmoja akauliza kwenye ule mstari.

"Bakora!" akajibiwa, na watu wakacheka, na mimi moto ukanipanda mpaka masikioni, kwa sababu Mwalimu yeye hakucheka, na nikakiona cheti changu kinaondoka kama kishada kilichokatika uzi.

Nikapiga kelele, "Ongeza moto, mjomba!" Akaongeza. Injini ikalia. "Ongeza tena!" Akanitazama, akamtazama Mwalimu, akaongeza, na bomba likatoa mlio wa ngamia aliyekanyagwa, na kiungo chake cha katikati, kile kilichokuwa kikielekeana na mstari wa watu (na kwa nini kisielekeane nao, siku ikishakuchagua?), kikafunguka.

Jamani! Maji yaliyokuwa yakigoma kufika birikani yalitoka yote kwa pamoja, yakawapiga wazee vifuani, yakachimba ardhi na kuirusha juu, na mjomba alipoizima injini hapakuwa na kanzu nyeupe uani. Zote zilikuwa nyekundu, zikichuruzika, na yangu ilikuwa ya kwanza, na bakora ya marehemu imezama tope.

Imamu alijifuta uso polepole. "Kijana," akasema, "tuliomba maji ya kutawadha. Hatukuomba kuoshwa wazima wazima."

Mwalimu Rashidi alivua koti, akakunja mkono wa shati, akalala kifudifudi ukingoni mwa birika, akaingiza mkono kwenye mdomo wa bomba mpaka kwenye kiwiko, akavuta, akavuta tena, na akatoka na kumbi la nazi kubwa kama kichwa cha mtoto.

"Nani aliyeliziba bomba hili?"

Mjomba Bakari, tope likimtiririka ndevuni, alijibu kwa adabu na kwa fahari, "Injinia aliamuru."

Wale wazee walicheka wakashikana, wengine wakakaa chini pale pale topeni, kwa kuwa kanzu hazikuwa na la kuharibika tena. Swala iliswaliwa kwa maji ya kuteka kwa ndoo, baada ya watu kwenda majumbani mwao kubadilisha nguo, imamu akiwangoja. Mimi jina langu Msambweni mpaka leo ni Injinia wa Bakora. Wajukuu zangu wanalijua.

Cheti nilikipata, lakini si mwaka ule. Nilirudi darasani muhula mwingine, na tangu siku ile nikiitwa kwenye mashine nashika kwanza, naongea baadaye, na bakora naiacha nyumbani.

Lakini baada ya swala siku ile ile Mwalimu alinipa spana, nikakikaza kile kiungo kwa mikono yangu miwili, grisi ikanifika mpaka kwenye nyusi. Nilipomaliza nilimnyooshea vidole, nikamwambia habari ya Salimu, na kucha, na fundi baiskeli. Aliigeuza mikono yangu, juu na chini, vile vile kama mlangoni.

"Mlango ule ni wa chumba cha michoro," akasema. "Nakagua mikono kwa sababu mnanichafulia karatasi."