Mahali Wanapolia Ng'ombe wa Hippolyte

Ng'ombe ishirini na sita wanateremka mlimani asubuhi, umande ungali majanini, na hakuna hata mmoja anayekula. Wanapita kwenye malisho mazuri ya kufika magotini kana kwamba hayapo. Anayetangulia ni jike mweusi mwenye pembe moja. Nyuma yao, mbali kidogo kuliko anavyokaa mchungaji, anakuja Hippolyte Mulonda, kofia mkononi.

Kwenye bonde dogo kando ya kijito wanasimama. Yule mweusi anainamisha kichwa, ananusa udongo, anapumua kwa nguvu. Kisha anaanza kulia.

Si mlio wa njaa, wala wa kumtafuta ndama. Ni sauti nzito inayotoka tumboni, na wengine wanaipokea mmoja baada ya mwingine, mpaka bonde zima linavuma. Wanazunguka na kuparura udongo kwa kwato. Mwandishi wa simulizi hii si mwepesi wa kuamini kila anachoambiwa, lakini pale, jua limeshatoka, nywele zilimsimama.

"Umesikia?" Hippolyte anauliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani. "Zilianza nyuma ya ile mvua kubwa. Ndugu yangu, nakuomba kitu kimoja. Usiandike ni fasi gani." Hataki mahali hapa pajulikane.

Malisho yake yako wilayani Kabambare, mashariki ya Kongo, kandokando ya njia ya pikipiki ziendazo machimboni Salamabila. Huko hupandishwa bia, sabuni na mafuta, na huteremshwa dhahabu. Hippolyte, mwenye umri wa miaka hamsini na saba, ni mwenyeji wa Kasongo. Alirithi ng'ombe tisa kwa baba yake, mchungaji, akawafikisha arobaini.

"Vijana wote walikimbilia dhahabu," anasema. "Mi nikasema, basi, muende. Dhahabu yenu haizai ndama."

Baba huyo ndiye aliyemwachia pia desturi iliyokuja kumponza. Ng'ombe wakililia mahali, alimfundisha, ujue damu imemwagika hapo, na wanamlilia mwenzao. Usilishe tena hapo, usilime. Pazungushie minyaa, ile miti ya utomvu mweupe, mpaka kundi lisahau.

Kiangazi cha mwaka juzi mtamba wake mmoja alipotea. Wiki hiyo hiyo kundi lilikwenda kulia kando ya kichuguu kikubwa, katikati ya shamba. Hippolyte hakuhitaji kuambiwa zaidi.

"Nikasema, wezi walimuchinjia hapa. Nikakata minyaa, nikapanda, nikasali Baba Yetu, nikaenda zangu. Kuchimba? Nichimbe nini? Nilijua ni ng'ombe."

Minyaa ilishika vizuri. Akaipalilia.

Miezi michache baadaye mbwa wa wawindaji walipenya uzio ule na kuanza kufukua. Chini palikuwa na wanunuzi wawili wa dhahabu, waliotoka Salamabila juu ya pikipiki moja na kutoweka njiani.

Jamani, hebu jiweke mahali pa polisi. Maiti mbili ziko katikati ya shamba la mtu, zimezungushiwa ua, na ua huo umepandwa na kupaliliwa na mwenye shamba mwenyewe!

"Waliniuliza nani alipanda. Nikasema ni mimi. Wakauliza, juu ya nini, sababu gani? Nikasema, juu ng'ombe zililia." Hippolyte anatazama kofia yake. "Wakacheka. Mumoja alicheka mupaka akakaa chini."

Alifungwa Kasongo karibu mwaka mzima. Mkewe, Mathilde, aliuza ng'ombe kumi na watatu ili kumlipa wakili na kumlisha mumewe gerezani. Mwishowe wanyang'anyi walikamatwa kwenye machimbo wakiwa na mizani ya mmoja wa marehemu, wakakiri kuua, na wakasema mwenye shamba hawamjui. Hippolyte akaachiwa.

Lakini walisema na jambo la pili. Amani, kijana aliyewaendesha wale wanunuzi, alikuwa mwenzao, na ndiye aliyekimbia na dhahabu. Watu waliamini. Amani hakuonekana tena, wala pikipiki yake.

Basi Hippolyte alirudi nyumbani, ila jina lake halikurudi naye. Zamani maziwa yake, lita thelathini, yaliisha sokoni Lusangi kabla ya adhuhuri. Siku hizi akiuza lita nne anashukuru.

"Wanasema maziwa yetu iko na harufu ya kaburi," Mathilde anaeleza, akicheka kicheko kisicho na furaha. "Mutoto mumoja aliniuliza kama ile ng'ombe nyeusi inakula watu. Mutoto mudogo! Nani alimufundisha?"

Mteja mmoja hajawahi kuwakimbia. Ni Aicha, mke wa Amani. Naye ana yake: kijijini anaitwa mke wa mwizi, na wifi zake hawachoti maji naye. Kila siku ya soko hufika nyumbani kwao na kibidoni, kidumu chake kidogo cha njano, hununua lita moja, na kabla ya kuondoka huuliza swali lile lile: "Papa Hippolyte, ng'ombe hazijalia fasi ingine?"

Tangu ile mvua kubwa iliyofurisha kijito, ng'ombe walipoanza kulia bondeni, Hippolyte amekuwa akimjibu hapana.

Asubuhi hii, wakati kundi bado liko bondeni, mume na mke wanalumbana uani bila kumwonea haya mgeni.

"Ukifungua kinywa wanakubeba tena," Mathilde anasema. "Safari hii hawatacheka. Mi nilichoka na ile barabara ya Kasongo, sufuria ku kichwa, kila mulinzi anataka yake."

"Na nikinyamaza? Huyu mama atakufa akiitwa muke wa mwizi."

"Unajua ni nini iko pale chini? Pengine ni ng'ombe."

"Ng'ombe gani, Mathilde?" anamwuliza. "Safari hii zangu zote ziko. Hakuna hata moja ilipotea."

Mathilde anaokota kikombe cha kupimia maziwa. Mwandishi, kusema kweli, alitamani sana kuondoka.

Hodi inapigwa. Ni Aicha. Anapewa kiti, anapimiwa maziwa yake, anauliza swali lake. Kabla Hippolyte hajajibu, mlio ule unapanda kutoka bondeni, mrefu, ukiingia uani. Aicha anaweka kibidoni chini.

"Ni ng'ombe tu, ziko na kiu," Mathilde anawahi kusema.

"Mama, kijito iko pale pale," Aicha anajibu taratibu. "Zinalia kiu pembeni ya maji?"

Hippolyte anamtazama mkewe. Mathilde anafunika uso kwa mikono yote miwili, kisha anatikisa kichwa kukubali.

"Mwanangu, nilikudanganya," Hippolyte anamwambia Aicha. "Iko fasi. Niliogopa. Unisamehe."

Jembe lake mwenyewe hakuligusa. Alikwenda kwa shefu, mkuu wa kijiji, akaomba aitiwe padri, imamu na polisi, ili kila mmoja ajionee. Kesho yake mchana, mbele ya watu waliojaa ukingoni mwa kijito, vijana wa kijiji walichimba pale palipoparurwa kwa kwato. Mathilde alikuwa amewapandisha ng'ombe mlimani. Huko juu walisimama wote wakitazama chini, na safari hii hawakulia.

Jembe liligonga chuma. Ulitokea usukani wa pikipiki, na kwenye kioo chake kitambaa cha kitenge cha kijani, alichokifunga Aicha ili kioo kisigongegonge njiani. Amani alikuwa chini yake.

Aicha hakupiga yowe. Aligeukia umati, akawatazama wifi zake mmoja mmoja.

"Mwizi wenu huyu hapa," alisema. "Munaona fasi alikimbilia?"

Wifi mkubwa alipiga magoti udongoni, akalia kwa sauti.

Ofisa wa polisi aliuliza nani alijua kuwa hapa pana mtu. Kabla Hippolyte hajafungua kinywa, Aicha alijibu: "Ng'ombe." Hakuna aliyecheka. Hata hivyo ofisa alisema Hippolyte lazima apelekwe Kasongo kutoa maelezo. Hippolyte mwenyewe alikuwa amekwisha kufunga blanketi lake tangu alfajiri, akalichukua na kuelekea kwenye gari la polisi.

Aicha alitangulia kupanda. Mazishi aliwaachia imamu na wifi zake, akasema hashuki mpaka huyu papa arudishwe kwake.

Alipoulizwa anatumaini nini, Hippolyte alijibu: "Narudi, Mungu akipenda. Na pale kwa kijito sipandi minyaa. Baba yangu alinifundisha kufunga fasi, hakunifundisha kuchimba. Kama ningechimba ile siku ya kwanza, pengine wangemutafuta na huyu mutoto Amani, asingelala pale kama mwizi."

Injini ikawaka. Hippolyte akasimama garini, akaweka mikono kinywani, akamwita mkewe aliyekuwa juu mlimani.

"Mathilde! Ziko zinakula?"

Mathilde aliligeukia kundi. Yule mweusi mwenye pembe moja alikuwa ameinamisha kichwa, na mdomo wake ulikuwa unang'oa majani.

"Ziko zinakula!" Mathilde akajibu.

Hippolyte akaketi, akavaa kofia yake.