Sufuria ya Togwa na Ulimi wa Kijani

Sogeeni jamani, hata wewe baba mwenye kofia, haya yanakuhusu. Mnanisikia ninavyopiga kelele? Basi kuna mwaka nilishindwa hata kukamua kitambaa cha vyombo.

Nilikuwa mzima kabisa. Mtaani kwetu Mshangano wote wanaijua togwa yangu. Sufuria yangu ya togwa, niliyopewa siku ya harusi yangu, ikatoboka. Mwanangu Daudi ni fundi betri za magari, kazi akiifanyia hapo hapo uani. Akayeyusha risasi, yale madini ya ndani ya betri, akaiziba. Nikaringa nayo mtaa mzima!

Ila nyumba yetu ilikuwa na huzuni. Skola, mke wa Daudi, mimba mbili zilishatoka. Nami kila akipita, macho kwenye tumbo lake.

Kumbe tumbo la kuangaliwa ni langu! Likaanza kusokota. Choo kikagoma, kikitoka ni kama cha mbuzi. Mdomoni ladha ya msumari. Mikono ikalegea. Nikasema njaa hii, nikaongeza togwa. Ndiyo nikazidiwa.

Hospitali, daktari akaniamkia, "Shikamoo bibi. Nyumbani mnafanya kazi gani?"

Nikamsimulia betri, nikaisifia na sufuria. Akaacha kuandika.

"Togwa ina uchachu, bibi. Inalala humo?"

"Inalala, na ikiamka ni tamu zaidi!"

"Bibi, hiyo ni sumu."

Tukapimwa damu wote watatu. Risasi tele. Daktari akasema inaharibu mbegu za mwanaume, na mimba inaweza kuitoa.

Skola akalia. "Kwa hiyo siyo mimi?" Nikamshika mkono.

Nikapewa dawa. Halafu rafiki yangu wa Majengo akaniletea unga wa kijani, spirulina, mwani wa majini huo. Eti unavuta sumu za madini na kulinda uzazi. Nikampelekea daktari kopo.

"Panya wamejaribiwa, ukaonekana kusaidia. Kwa watu bado hatuna uhakika. Na mwingine wenyewe una risasi ndani! Huu niachie niulizie. Skola asiuguse. Na sufuria itoke!"

Baadaye akaniruhusu kidogo. Nikanywa kama panya mtiifu. Unanuka bwawa la kambale! Jumapili nikatoa ulimi nipokee komunyo, padri akauona wa kijani, akashtuka.

"Mama, umekula nini?"

"Mwani, padri. Endelea tu."

Sufuria nilitaka niipandie mchicha. Daktari akasema, "Bibi, mchicha si unaliwa?" Nikaiaga.

Daudi akahamisha kazi mbali na nyumba, akawa anaoga kabla ya kubeba hata kikombe. Damu zikasafika. Unga ulisaidia? Daktari anasema ni dawa na kuitoa sufuria, unga hajui. Mimi nami sijui, ila ulimi ulipendeza.

Kazi ngumu ikawa macho. Skola aliniambia, "Mama, usiniangalie tumbo." Basi nikawa namwangalia masikio. Miezi yote, masikio! Nikayajua mpaka hereni zilizopotea.

Siku moja napepeta mchele, akasimama mbele yangu. "Mama, sasa angalia."

Ungo ukaniponyoka. Kuku walikula sikukuu.

Namshukuru Mungu, na daktari yule. Nanyi betri zisikae na vyombo. Mke msimsakame, mume naye apimwe. Na unga wa kopo, muulizeni daktari kwanza.

Mjukuu alipozaliwa, wenzangu wakachungulia kama ni wa kike au wa kiume. Mimi nikamchungulia ulimi. Mwekundu kabisa!