Kitambaa Juu ya Kompyuta

Juzi nilirudi kwetu Mitunguu kumwona shangazi, aliyekuja kutoka ng'ambo, nikaikuta ile kompyuta yetu ya zamani pale pale sebuleni, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Wewe uliyekulia huku unajua: kiti kina kitambaa, redio ina kitambaa, hata albamu ya picha ina chake. Mama hakuwa na mchezo na vumbi.

Nilipokuwa msichana wa shule, shangazi aliolewa huko huko ng'ambo, akatuwekea video ya harusi kwenye mtandao. Nyanya, mamake, hakuwa amemwona tangu asafiri. Lakini kivinjari kilikataa kuicheza. Kilidai kwanza tupakue kiprogramu fulani cha kando. Tukapakua. Tukifika katikati, kompyuta inazima, puu! Tukarudia wiki nzima. Mwalimu jirani akaja, akafuta, akaweka upya, akalaumu toleo, akanywa chai, akaenda zake. Kila jioni Nyanya alitoka shambani kwenye migomba, matope miguuni, akauliza, "Huyo mtoto wangu bado hajafika?" Mimi niliyejifanya fundi niliona aibu kumjibu.

Jumamosi mama akafua vitambaa vyote, maana kesho yake akina mama wa kanisa walikuwa wanakuja kwetu. Nikajaribu tena, basi tu. Ehe! Kiprogramu kikaingia chote. Nyanya akapapasa sanduku la kompyuta, akamgeukia mama: "Kumbe mlikuwa mmemfunika blanketi, na jua hili la Mitunguu!" Tulilaumu programu bure, kumbe kitambaa, ambacho hatukukitoa hata tukiiwasha, kiliziba matundu ya hewa, ikawa inapata joto na kuzima.

Video ikacheza. Nyanya alisogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo, akamwambia bibi harusi kwa sauti, "Umekonda. Kwani huko hawakupikii ndizi?" Alifurahi sana siku hiyo.

Nyanya alizikwa shangazi akiwa huko huko, hakupata nafasi ya kuja. Sasa shangazi aliniomba nimwonyeshe kile alichokiona mamake. Nikatoa kitambaa, nikawasha. Ukurasa ulifunguka, lakini kile kiprogramu kilishaachwa na waliokitengeneza, na mahali pa video palikuwa na mraba wa kijivu tu. Nakala nyingine shangazi hana, wala sisi hatuna.

"Alisema nini aliponiona?" akaniuliza.

Nikamwambia yote, neno kwa neno. Shangazi akacheka, kisha akautazama ule mraba.

"Haya," akasema akijifuta macho, "nipikieni ndizi."