Maneno Yangu kwa Sauti Nne

Wasichana wa kwaya huniamkia kwa heshima iliyozidi, na sababu yake naijua. Wananishika mkono kwa mikono yao miwili, wanainama kidogo, halafu wanasema, "Mama, ule wimbo mumeo aliokutungia ni mtamu sana." Mimi naitika, "Asante, binti yangu." Nikisema zaidi ya hapo tutakesha, na wao wana mazoezi.

Mume wangu hakunitungia kitu. Yule bwana hakuwa na uwezo wa kutunga hata salamu ya jirani. Nayasema leo kwa kuwa ameshakufa, Mungu amrehemu, ingawa najua yeye angependa arehemiwe kwa sauti nne, na zile nzito za basi ziwe nyuma.

Miaka ile ya hamsini Goma ilikuwa mji mdogo bado. Wazungu walikuwa na nyumba zao kule Himbi karibu na ziwa, na maua mbele, na mbwa wa kulinda maua. Sisi tulikaa Mugunga, ambako baba alikuwa na ng'ombe zake, na kila asubuhi alipeleka maziwa Himbi. Mchumba wangu alikuwa mwalimu kwenye shule ya misioni. Alikuwa evolwe, kama walivyojiita wenyewe, watu waliosoma na kukubaliwa kukanyaga sebule ya Mzungu ilimradi wasikae sana. Alivaa kravati shingoni hata jua la saa sita. Kabla ya kusema neno alikohoa kwanza, ili tujue kwamba neno linakuja. Nilimheshimu, sikatai. Nilikuwa msichana, na Mugunga hapakuwa na msichana mwingine aliyechumbiwa na mtu mwenye saa ya mkononi.

Fahari yake ilikuwa kwaya. Misioni ilikuwa na kinanda cha kukanyaga kwa miguu, nacho alikilinda kuliko watu wanavyomlinda mgonjwa. Kazi yake ilikuwa hivi: anachukua shairi la mtu, analitafutia sauti kati ya zile alizofundishwa shule ya ualimu, analikata mahali linapozidi, analivuta mahali linapopungua, halafu analigawa: sopranu kwa wasichana wa masista, alto kwa wasichana waliokua zaidi, tenori kwa makarani, basi kwa yeyote mwenye kifua. Mwaka mmoja aliwaimbisha shairi la Kifaransa juu ya theluji. Mtu mmoja wa basi alimuuliza kama hiyo theluji inaliwa. Mchumba wangu alimtoa kwenye mazoezi kwa utovu wa nidhamu. Watu walicheka, lakini kwa kificho, na theluji iliimbwa mpaka mwisho.

Sasa nieleze jambo letu, maana bila hilo hutaelewa hasira yangu. Kwetu, katika ukoo wa baba yangu, binti haondoki nyumbani kimyakimya. Siku watu wa mume wanapomfuata, anaketishwa ndani, amefunikwa nguo, na shangazi yake, dada wa baba, anamjia kumwambia maneno yake. Nasema yake kwa sababu ni yake peke yake. Shangazi anaanza kuyakusanya tangu mtoto anatambaa: alichoogopa, alichovunja, alimjibu nani vibaya. Anayapanga, anayapa mwendo wa kuimbika, anayajaribu mbele ya wanawake wa nyumbani wakati binti ametumwa maji. Binti hayasikii mpaka siku ile. Akiyasikia analia, na kilio kile ndicho kinachomtoa kwao. Yakishasemwa mara moja, yamekwisha. Hayarudiwi, na hapewi mwingine.

Nilikuwa nayangojea maneno yangu tangu utoto. Dada yangu mkubwa alipoambiwa yake nilikuwa nje, nimebana sikio kwenye ukuta, nikalia kwa maneno ambayo hayakuwa hata yangu. Vitu vingine vya arusi vilikuwa vya watu wakubwa. Ng'ombe wa mahari walikuwa wa baba. Gauni lilichaguliwa na masista. Siku ilipangwa na Padri. Maneno ndiyo yaliyokuwa yangu, na shangazi yangu alijulikana mpaka Rutshuru kwamba akimwambia binti maneno, hata wanaume walio nje wananyamaza. Nilipoposwa nikaanza kutumwa maji mara nyingi kuliko maji yaliyohitajika. Nilikwenda nikicheka peke yangu njiani.

Basi ikaja habari kwamba kuna mgeni kutoka kusini, Mzungu mwenye elimu ya muziki, anayezunguka kusikiliza kwaya za watu weusi. Kwaya moja ingechaguliwa kwenda kuimba Ulaya. Mchumba wangu akapata homa ya Ulaya. Alianza kutembea kama aliyekwisha kufika. Padri akamwambia mgeni anataka shairi la hapahapa, kwa lugha ya hapahapa, lakini lenye muziki wa kweli. Hapo ndipo bwana mwalimu alipokwama. Lugha ya nyumbani kwao alikuwa ameiacha mlangoni mwa shule, na watu wa ng'ombe aliwaona ni watu wa kunuka maziwa tu. Angelipata wapi shairi?

Alilipata kwa binamu yangu, binti wa baba mdogo, aliyeimba alto. Huyu msichana alikuwa anakaa na wanawake pale uani shangazi alipojaribu maneno. Mwalimu aliwaambia wanakwaya, mwenye maneno mazuri ya kwao ayalete, na binamu yangu, kwa kutaka kusifiwa na mtu wa kravati, akayaleta yangu. Alimwambia wazi ni ya nini na ni ya nani. Alikiri mwenyewe baadaye, akilia. Nami nikamuuliza, "Yeye akasemaje?" Akanijibu, "Alisema, vizuri zaidi."

Tamasha lilifanyika Jumapili baada ya misa, kwenye jumba la parokia. Mbele Wazungu kwenye viti vyenye mito, bwana mkubwa wa teritwari, administrateri anayetawala wilaya, katikati, na mgeni kando yake. Nyuma yao maevolwe kwenye viti visivyo na mito. Sisi wengine tulikaa kwenye mabenchi ya shule. Mimi nilikaa na shangazi yangu. Alikuwa amejipaka siagi mwilini, amevaa kitambaa kipya, ametembea kutoka Mugunga kuja kumwangalia mkwe wake akifanya kazi yake ya kizungu. Alikuwa na furaha, maskini.

Waliimba nyimbo mbili za Kifaransa. Halafu mchumba wangu akageuka, akakohoa, akatangaza wimbo mpya, muziki wake mwenyewe, maneno "ya watu wa nchi". Ya watu wa nchi. Akapuliza kifilimbi chake cha kutafutia sauti, akainua mikono.

Mwanzoni nilifurahi tu kusikia lugha yetu ikiimbwa mbele ya Wazungu. Halafu sopranu wakaimba habari ya mtoto aliyejificha katikati ya ndama siku mlima wa moto ulipowaka, akatafutwa mpaka asubuhi. Nikajiambia, lo, kumbe na mwingine aliwahi kujificha kwenye ndama. Tenori wakafuata na mtoto aliyeiba siagi ya kujipaka akailamba, akasingizia paka, na nyumbani hapakuwa na paka. Nilimtazama shangazi. Alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa, na macho yake yalikuwa kwangu wala si kwa waimbaji. Hapo nikajua.

Nikakaa pale nikasikiliza maneno yangu yakichunwa. Ndama mmoja wa shangazi aliingia kwenye sauti za basi akawa ndama wengi, "ndama, ndama, ndama," makarani wanene wakivimbisha shingo. Mahali shangazi alipokuwa amepumzisha sauti ili binti apate nafasi ya kulia, yule bwana aliweka alto wakiruka juu na chini kama watu wanaokanyaga siafu. Na yale ya mwisho, yanayouliza ni nani sasa atakayemwamsha mama yangu kabla ya jogoo, yale ambayo mtu anapaswa kuambiwa polepole, karibu na sikio, aliyatoa kwa kelele, sauti zote nne, kinanda kikihema, mikono yake juu kana kwamba anazuia paa lisianguke. Halafu akamalizia kwa Amina. Sijui Amina ile aliitoa wapi. Wazungu wakapiga makofi. Maevolwe wakawatazama kwanza, nao wakapiga.

Shangazi akasimama, akapita mbele ya watu wote, mbele ya bwana mkubwa wa teritwari, akatoka. Nikamfuata. Nilimkuta ameketi kwenye yale mawe meusi ya nje ya jumba.

Akasema, "Yamekwisha, mutoto wangu."

"Utanitungia mengine, shangazi. Siku bado ziko."

"Ya nani? Wewe uko mumoja. Nilikuangalia ukikua mara moja tu."

Nilimsihi. Nilimwambia abadilishe hata kidogo, aongeze, apunguze. Alitikisa kichwa, na sikuona hasira kwake, ilikuwa huzuni tu, na hilo ndilo lililonivunja. Angenipiga ningeshukuru.

Mchumba wangu akaja anajipangusa jasho kwa kitambaa chenye herufi zilizoshonwa. "Mumesikia?" akauliza. Akamgeukia shangazi, akamwambia kwa upole wa mtu anayetoa sadaka, "Shangazi, yalikuwa uchi. Nimeyavalisha." Nilipomwambia kwamba yalikuwa maneno yangu ya kuondokea, alishangaa kwa kweli. Nilimwona. Hakuwa anajifanya. "Ni zawadi," alisema. "Ungeambiwa mbele ya wanawake na mbuzi. Mimi nimekuimbia mbele ya administrateri." Mtu mwovu unaweza kumpigia kelele. Mjinga aliyeridhika na nafsi yake utamfanya nini?

Ulaya hakwenda. Mgeni alimwambia Padri kwamba kazi ni safi, ila nyimbo za namna ile wanazo tele huko kwao, na akauliza kama hakuna kitu chenye ngoma. Ikachaguliwa kwaya nyingine. Mchumba wangu alisema alto ndio walioharibu.

Nilimwendea baba akiwa anakamua. Nikamwambia, "Baba, rudisha ng'ombe zao."

Hakuacha kukamua. "Juu ya nini?"

"Juu ya ule wimbo."

"Juu ya wimbo?" Akasubiri, labda niongeze kitu chenye uzito. "Ng'ombe mumoja amekwisha kuzaa. Na Padri nitamwambia nini? Binti yangu anakataa mwalimu kwa sababu amemuimbia?"

Ikisemwa hivyo ilikuwa upuuzi, naye hakuwa na njia nyingine ya kuisema. Mama alisema nitazoea. Dada yangu mkubwa, aliyepewa yake yote bila hata neno moja kupotea, naye alisema nitazoea.

Siku ikafika. Nikaketishwa ndani, nikafunikwa. Wanawake wakanyamaza, kama inavyotakiwa, na shangazi akaingia, akaja kunipigia magoti. Niliisikia pumzi yake kupitia kitambaa. Nilikuwa bado nina tumaini, nakiri, kwamba ameficha hata neno moja ambalo binamu yangu hakulisikia. Alinishika magoti yote mawili. Akakaa hivyo, mdomo wake haukufunguka. Wanawake wakaanza kukohoa. Halafu nje, barabarani, nikasikia kile kifilimbi cha kutafutia sauti.

Alikuwa ameleta kwaya. Kwaya nzima, kwa miguu, kutoka Goma mpaka Mugunga, na sare. Nikatolewa mlangoni ili niione zawadi yangu, na wimbo ukaanza, na ndama, na siagi, na paka asiyekuwapo. Yeye alikuwa amevaa glavu nyeupe na alinipa mgongo, maana anayeongoza kwaya huitazama kwaya. Bwana arusi gani huyo? Wimbo wote, mpaka Amina, niliona mgongo wa koti la kostimi yake.

Sikulia. Nilijaribu. Nilifikiria mama, nilifikiria ng'ombe, nilijiuma ulimi, wapi. Wanawake wa upande wake walinong'ona kwamba huyu ana moyo mugumu, anawaacha wazazi wake kama anayekwenda sokoni. Mama yangu aliwasikia. Alinishika kidevu, akayatazama macho yangu makavu, akaniachia, akarudi ndani kabla sijapanda kwenye kamyo, lile lori la kunipeleka kwa mume. Kwa miaka mingi baadaye, nikienda kumtembelea, alinikaribisha vizuri, lakini kama mtu anayemkaribisha mgeni.

Nimekaa na yule bwana mpaka akafa. Hakunipiga, hakunywa. Wimbo aliuboresha mara nyingi, na kila alipouboresha ulikuwa mbaya zaidi. Wengine wameuchukua, wameutia gitaa, wameufupisha. Leo hakuna arusi ya kanisani hapa Goma ambapo hauimbwi, na watoto wa watu wanalia, wanalia kwelikweli, kwa ajili ya ndama wasiowajua.

Shangazi alifariki kabla mtoto wangu wa kwanza hajatembea. Maneno yale wameambiwa mabinti wa mji mzima. Mimi hakuna aliyewahi kuniambia.